Mtego wa feromoni shambani: wa kuhesabia nondo, wa kuwamaliza, au wa kuwapoteza njia?

Mpwa wangu analima Mkuzi, wilayani Muheza, ekari mbili za mahindi na nusu ekari ya nyanya kando ya kijito. Kabla ya mvua za masika kuanza alinipigia simu. "Shikamoo mjomba. Kuna mitego ya harufu, wanasema inamaliza viwavijeshi. Muuzaji ameniambia nikiweka kumi kila ekari sitanunua dawa tena. Ninunue?" Nilimwomba asitoe fedha yake mpaka tukae pamoja, kwa sababu ndani ya swali lake moja mlikuwa na maswali matatu, na kila moja lina jibu lake. Tuliyoyapima siku ile nimeyaandika hapa kwa ajili ya wakulima wa mkoa wa Tanga, na wa pwani yote kushuka hadi Bagamoyo, ambao wameanza kuviona vyambo hivi kwenye maduka ya pembejeo na bado hawajui vinafaa kwa kazi ipi.

Nondo jike anapokuwa tayari kupandwa hutoa harufu kidogo mno kutoka kwenye tezi iliyo karibu na ncha ya tumbo lake, na dume huinusa kwa vipapasio akiwa mbali, kisha huruka akiufuata upepo unakotoka mpaka amfikie. Harufu hiyo ndiyo feromoni. Feromoni ya kwanza ya mdudu kutambuliwa kikemia ilitangazwa mwaka 1959 na mwanakemia wa Ujerumani, Adolf Butenandt, pamoja na wenzake, ambao walilazimika kukusanya nondo wa hariri wapatao 500,000 ili wapate kiasi kidogo cha kuchunguza. Leo harufu za aina nyingi za nondo hutengenezwa viwandani na kutiwa kwenye kizibo kidogo cha mpira, au kwenye kifuko kinachoziachia polepole kwa majuma kadhaa. Kizibo hicho ndicho chambo.

Kuna mambo matatu kuhusu chambo ambayo muuzaji hakumweleza mpwa wangu, na mtu asiyeyajua hawezi kuchagua vizuri. Chambo huita madume peke yao, na majike wanaotaga mayai hawaji. Chambo huita aina moja ya nondo, na pengine ndugu zake wa karibu, kwa hiyo chambo cha mahindi hakina msaada wowote kwenye nyanya. Na chambo chenyewe hakiui kitu, bali kinachoua ni maji, gundi au kipande cha kiuatilifu kilichomo ndani ya mtego.

Kazi tatu za harufu moja

Harufu hiyo hiyo hutumika kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni ya upelelezi: unaweka mtego mmoja au michache, unahesabu madume walionaswa, na hesabu hiyo inakuambia kwamba mdudu amefika na kama anaongezeka. Njia ya pili ni kukamata kwa wingi, ambapo mitego huwekwa mingi kwa nia ya kuwapunguza madume mpaka majike wakose wa kuwapanda. Njia ya tatu ni kuvuruga upandanaji: mtego hauwekwi kabisa, badala yake shamba zima hutundikwa mamia ya vifuko vya harufu, na dume anayepita humo hunusa jike kila upande asijue aelekee wapi.

Ukisikiliza maneno ya sokoni, njia ya pili ndiyo inayouzwa kwa sauti kubwa, kwa sababu ndiyo inayohitaji vifaa vingi. Kwa mahindi yetu, hata hivyo, ndiyo dhaifu kuliko zote, na sababu yake ni hesabu nyepesi. Dume mmoja huweza kupanda majike kadhaa katika maisha yake. Tuseme shamba lina madume 100 na majike 100, na mitego yako imefanya kazi nzuri sana ikakamata madume 80. Ishirini waliobaki bado wanaweza kuwapanda majike karibu wote ndani ya siku chache, na jike mmoja wa kiwavijeshi vamizi huweza kutaga mayai 1,500 au zaidi katika maisha yake, katika mafungu ya mayai 100 hadi 200. Ili ukamataji upunguze mayai kweli, lazima uondoe karibu madume wote, tena mapema, kabla hawajapanda. Na hata ukifanikiwa shambani kwako, jike aliyekwisha kupandwa kwa jirani huingia usiku na kutaga, wala mtego wako haumhusu. Nondo huyu huweza kusafiri kilomita 100 kwa usiku mmoja akibebwa na upepo, kwa hiyo ekari mbili za Mkuzi hazina mpaka wowote mbele yake.

Ndiyo maana niliudhika na ile ahadi ya mitego kumi kwa ekari. Ndoo za mitego hiyo zingejaa nondo, mpwa wangu angefurahi kuona zimejaa, na moyo wa mahindi yake ungekuwa unaliwa wakati ule ule.

Njia ya tatu, ya kuvuruga upandanaji, ina nguvu kuliko zote inapofanyika mahali panapostahili. Marekani iliandikisha feromoni ya kwanza kwa kazi hiyo mwaka 1978, dhidi ya funza mwekundu wa vitumba vya pamba, na mwaka 2018 ikatangaza kwamba mdudu huyo ameondoka katika mashamba yake yote ya pamba. Harufu haikufanya kazi hiyo peke yake. Palikuwa na pamba iliyobadilishwa vinasaba ili imuue kiwavi, nondo tasa walioachiliwa kwa mamilioni, kulimwa kwa mabaki baada ya mavuno, na zaidi ya yote palikuwa na wakulima wa majimbo mazima waliofanya jambo moja kwa wakati mmoja. Kwetu mashamba ni vipande: hapa mahindi, pale mihogo, mbele minazi na michungwa ya mtu mwingine. Katika kipande cha ekari moja upepo huiondoa harufu pembezoni, na majike waliopandwa nje huingia kutaga. Ningeifikiria njia hii mahali ambapo wakulima wanalima bonde moja kwa maji ya mfereji mmoja, mfano skimu kama ya Mombo, iwapo wote wangekubaliana zao na tarehe. Mkulima mmoja mmoja asiigharimie.

Mahindi: jicho la mapema

Kwa kiwavijeshi vamizi, basi, nilimwambia mpwa wangu atumie mtego kama jicho. Mdudu huyu ni mgeni kutoka bara la Amerika, aliyeonekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na kuthibitishwa Tanzania mwaka 2017. Mayai yake huanguliwa baada ya siku mbili au tatu kwenye joto la pwani. Viwavi wachanga hula juu ya jani na kuacha utando mwembamba unaopitisha mwanga kama kidirisha, na katika siku hizo dawa huwafikia na hata mkono huwafikia. Wakishakua huingia ndani ya moyo wa mmea, wakaziba juu yao kwa kinyesi kinachofanana na unga wa mbao, na kuanzia hapo unaweza kupiga bomba baada ya bomba na dawa ikaishia kwenye majani. Muda kati ya nondo kufika na kiwavi kujificha ni mfupi, kama juma moja na nusu hivi. Mtego unakuonyesha mwanzo wa muda huo, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Idadi ya nondo kwenye ndoo, hata hivyo, haikuambii upulize. Madume hutoka mbali, na usiku wa nondo wengi unaweza kufuatwa na mvua kubwa ikaosha mayai na viwavi wachanga, au sisimizi na nyigu wakawala kabla hawajafanya madhara. Kinachotakiwa ni kwamba hesabu ikitoka sifuri na kupanda, uingie shambani ukague: simama sehemu tano tofauti, kagua mimea 20 kila sehemu, uone mingapi ina jeraha jipya. Mwongozo wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, wa mwaka 2018 kwa ajili ya Afrika unapendekeza kuchukua hatua mimea 20 kati ya 100 ikiwa imeshambuliwa wakati mahindi ni machanga, na 40 kati ya 100 yakiwa yamekua lakini hayajatoa mbelewele. Mkulima anayepuliza kwa kalenda, kila wiki bila kukagua, hana habari na hesabu hizi. Analipia dawa siku ambazo hakuna kiwavi wa kuuawa, anaua nyigu wanaomsaidia, na anawafundisha viwavi kuizoea sumu.

Kwa upelelezi, mtego mmoja hutosha kwa eneo la nusu hekta hadi hekta mbili. Ekari mbili za mpwa wangu hazifikii hata hekta moja, hivyo mmoja ungemtosha. Nilimshauri anunue miwili kwa sababu ndoo nzuri yenye kifuniko haikai salama sana kando ya njia, na msimu ukishaanza huwezi kukaa wiki mbili bila jicho.

Kuna njia iliyo bora zaidi ya kugawana gharama hii, na nasikitika kwamba haijaenea kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilayani Kilosa mkoani Morogoro, wanakijiji walifundishwa kutabiri wenyewe ujio wa kiwavijeshi wa Afrika, yule wa asili anayekuja kwa makundi baada ya mvua. Kijiji kilikuwa na mtego mmoja wa feromoni na kipimo kimoja cha mvua, na mtu aliyepewa kazi ya kusoma vyote viwili na kuwatangazia wenzake. Mtego mmoja uliosomwa kwa uaminifu uliwasaidia wakulima wengi kuliko mitego mingi isiyosomwa. Kitongoji chenye kaya ishirini zinazolima mahindi kinaweza kufanya vivyo hivyo kwa kiwavijeshi vamizi kikiwa na mitego miwili mitatu na daftari moja.

Nyanya: hapa jibu linabadilika

Kwenye nyanya adui ni kantangaze, nondo mdogo aliyetoka Amerika ya Kusini, akapita Hispania mwaka 2006 na kuonekana Tanzania mwaka 2014 katika mkoa wa Arusha. Kiwavi wake huishi ndani ya jani, kati ya ngozi zake mbili, na ndani ya tunda, ambako dawa ya kugusa haimpati. Jike hutaga mayai yapatayo 260.

Kwa nondo huyu ukamataji kwa wingi una nafasi, na nilimweleza mpwa wangu kwamba muuzaji hakukosea kila kitu, alikosea zao. Kantangaze haruki mbali kwa urahisi kama kiwavijeshi, huruka chini chini karibu na mimea, na mtego wake ni rahisi kutengeneza: beseni la maji yenye sabuni kidogo au matone ya mafuta ya kupikia, na chambo kimening'inizwa vidole viwili juu ya maji. Kiwango kinachopendekezwa ni mitego 20 hadi 50 kwa hekta, yaani 8 hadi 20 kwa ekari. Kwa nusu ekari ya Mkuzi ni mabeseni manne hadi kumi. Upelelezi peke yake ungehitaji moja au mawili.

Kabla ya kukubali, piga hesabu ya vyambo. Nyanya hukaa shambani miezi mitatu hadi minne, na chambo kimoja kwenye joto letu nakihesabia wiki nne. Beseni moja litakula vyambo vitatu au vinne kwa msimu, kwa hiyo ekari nzima itahitaji vyambo kati ya 24 na 80. Waulize bei wauzaji wawili, zidisha, kisha linganisha na fedha uliyotumia kwa dawa msimu uliopita. Kwa mwenye kitalu cha neti, ambamo nondo wa nje hawaingii kirahisi, hesabu hii mara nyingi hukubali. Kwa shamba la wazi lililozungukwa na nyanya za wengine, mabeseni hupunguza mashambulizi lakini hayawezi kuyabeba peke yake. Wako pia watafiti waliothibitisha kwamba jike wa kantangaze anaweza kuzaa bila kupandwa, jambo linalopunguza kidogo faida ya kuwaondoa madume.

Kwa sababu hiyo, kwenye nyanya nisingenunua hata beseni moja kabla ya kufanya yale yasiyohitaji fedha: miche ioteshwe chini ya neti, majani yenye michoro yachumwe mapema na kufukiwa au kufungwa ndani ya mfuko wa plastiki uliowekwa juani, na masalia ya msimu yasiachwe yakisimama shambani hata wiki moja baada ya mavuno. Shamba lililoachwa na nyanya kuukuu ni kiwanda cha kantangaze kwa majirani wote, na hakuna idadi ya mabeseni itakayoshindana nalo.

Kabichi za Lushoto na machungwa ya Muheza

Wakulima wa kabichi kule Lushoto wana nondo wao, yule mdogo ambaye akikunja mbawa mgongo wake huonyesha alama kama almasi. Kwake ningechagua upelelezi tu. Ni mdudu ambaye duniani kote ameshazizoea dawa nyingi mno, na kinachomwelemea zaidi ni nyigu wadogo wanaotaga ndani ya kiwavi wake. Mmoja wao, Diadegma semiclausum, aliletwa Kenya na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, na kuachiliwa mwaka 2002. Mtego unaokuzuia kupuliza bila sababu unawalinda nyigu hao. Baridi ya milimani nayo husaidia, kwa kuwa chambo hudumu zaidi kuliko huku chini.

Wenye michungwa wanahitaji tahadhari moja. Wengi Muheza wanaifahamu mitego ya nzi wa matunda yenye chambo cha methili eujenoli, na wanadhani ni kitu kile kile. Methili eujenoli huvuta nzi dume, lakini si feromoni ya jike wa nzi huyo, na haimwiti nondo yeyote. Kuna nondo ambaye kiwavi wake hutoboa chungwa, naye ana feromoni yake tofauti. Ukiona chungwa limetobolewa, lipasue umwangalie aliyemo: funza asiye na miguu ni wa nzi, na kiwavi mwenye kichwa cheusi au cha kahawia na miguu midogo ni wa nondo. Ukishamjua ndipo uulize chambo.

Ndoo, kibanda cha gundi, au chupa

Mtego wa ndoo wenye faneli, kifuniko juu na chambo katikati, hunasa nondo wakubwa kwa wingi, haujai haraka, hustahimili mvua na hudumu misimu mingi. Ni wa bei kubwa kuliko mingine, na ndio ninaoupendekeza kwa mahindi. Ndani huwekwa kipande chenye kiuatilifu, au maji yenye sabuni kwa asiyetaka sumu hata hiyo kidogo. Kibanda cha pembe tatu chenye karatasi ya gundi ni chepesi na kinafaa nondo wadogo kama wa kabichi na kantangaze wakati wa kuhesabu tu. Kwenye mahindi karatasi hujaa mapema, na vumbi la kiangazi huimaliza nguvu. Beseni la maji nimekwisha kulieleza. Shida yake ni kwamba maji hukauka na mbuzi huyanywa, hivyo asiyepita shambani kila baada ya siku mbili tatu asilichague.

Chupa kubwa ya maji au dumu la lita tano lililokatwa madirisha ubavuni pia hunasa. Hukamata wachache kuliko ndoo ya dukani, lakini kwa upelelezi wachache wanatosha, mradi uwe unatumia mtego wa aina ile ile msimu hadi msimu ili hesabu zilinganishike. Rangi nayo ina kazi yake: njano na nyeupe huvuta nyuki, na anayelima karibu na mizinga achague kijani.

Ambapo fedha hupotea ni kwenye chambo, kuliko kwenye mtego. Feromoni ni mseto wa kemikali mbili au zaidi zilizopimwa kwa uwiano, na kwa kiwavijeshi vamizi, ile iliyo kidogo ikikosekana, madume hawaji sawasawa. Vyambo vya watengenezaji tofauti havifanani nguvu. Soma jina la mdudu kwenye kifuko, soma tarehe ya mwisho, na uangalie kimehifadhiwa wapi. Chambo kilichotundikwa dirishani mwa duka kwenye jua la Tanga kimekwisha kuanza kupoteza harufu kabla hujakilipia. Mahali pake ni kwenye friji, ndani ya kifuko kilichofungwa. Ukikitoa, usikishike kwa vidole vilivyoshika chambo cha mdudu mwingine, kwani harufu huhama. Uliza pia kama bidhaa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na kama muuzaji hajui, mpigie afisa ugani wa kata.

Nieleze na kosa langu. Msimu wa kwanza nilipotundika ndoo kwenye mahindi yangu Pongwe, nilikuta nondo wengi ndani ya siku tatu, nikapuliza ekari nzima kesho yake. Wiki iliyofuata nilikagua kwa utulivu, nikaona karibu wote walikuwa wa rangi ya majani makavu, bila alama. Dume wa kiwavijeshi vamizi ana doa jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele na alama ya mviringo iliyolala mshazari katikati yake. Wale wangu walikuwa nondo mwingine, Leucania loreyi, ambaye huingia katika mitego hii katika nchi kadhaa za Afrika. Nilipoteza dawa na siku ya kazi. Tangu hapo simhesabu nondo kabla sijamgeuza na kumwangalia mbawa.

Upepo wetu, na mahali pa kutundika

Maelekezo ya kwenye kifuko husema mtego uwekwe upande unakotoka upepo, ili harufu ipite juu ya mazao. Pwani jambo hili linahitaji kufikiriwa, kwa maana upepo wetu hubadilika na msimu. Mahindi ya masika hukua kusi linapoanza, kwa hiyo mtego hukaa upande wa kusini au kusini mashariki mwa shamba. Mazao ya vuli hukutwa na kaskazi, na mtego uhamie kaskazini au kaskazini mashariki. Usiku, karibu na bahari, upepo huweza kugeuka ukatoka nchi kavu, ule ambao wavuvi huuita umande, na nondo wa mahindi huruka usiku. Kwa anayelima kilomita chache kutoka ufukweni, kama Pangani au Mkinga, ningeweka mtego wa pili upande wa bara na kulinganisha hesabu za mwezi wa kwanza kabla ya kuamua upi ubaki.

Kwa mahindi tundika ndoo kimo cha mita moja na nusu kutoka ardhini, na mimea ikipita kimo hicho ipandishe ili iwe juu yake kidogo. Kwa kantangaze beseni likae chini, karibu na ardhi. Soma mtego mara mbili kwa wiki, siku zile zile, toa nondo wote, andika tarehe na idadi. Mwenye simu yenye intaneti anaweza kuingiza hesabu za mahindi kwenye FAMEWS, programu ya simu ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ambayo iliundwa kwa ajili ya kiwavijeshi vamizi.

Wapo wanaopendelea taa badala ya chambo. Taa juu ya beseni la maji hunasa majike pia, na hilo ni jambo zuri, lakini huleta kila mdudu wa usiku, wabaya na wema, na mkulima hubaki akichambua mamia ya mbawa asijue yupi ni wake. Mwezi ukiwa mpevu mavuno ya taa hushuka. Mahali pasipo umeme, chambo kimeishinda taa kwa kila namna.

Tulivyoamua kwa Mkuzi ni hivi. Mahindi yalipata ndoo mbili, zikatundikwa siku ya kupanda, moja kusini na nyingine karibu na njia ya kwenda kijitoni, pamoja na vyambo vitatu kwa kila ndoo, kwa kuwa baada ya mbelewele kutoka hakuna haja ya kuendelea. Nyanya zilipata mabeseni sita, ambayo yamo ndani ya kiwango, kwa sharti kwamba miche ioteshwe chini ya neti na kwamba shamba la jirani lenye masalia ya nyanya za vuli lifyekwe kwanza. Mpwa wangu aliniuliza, "Na jirani akikataa, mjomba?" Nikamwambia abaki na beseni moja la kuhesabia tu, na fedha ya matano mengine anunulie neti. Jirani alikubali, akafyeka siku mbili, na ya tatu akaja kuuliza ndoo moja ni shilingi ngapi.